Namba ya injini inalingana na gari, lakini bapa la bloku halina mistari: je, hii ni injini ya asili?

#1 Bwana Kabureta
Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kuisoma injini moja kabla sijatoa pesa. Gari ni Chevrolet Corvette ya mwaka 1966 yenye injini ya inchi za ujazo 327, toleo la nguvu farasi 350 linalojulikana kwa msimbo L79. Muuzaji anadai kwamba injini hiyo ndiyo iliyofungwa kiwandani St. Louis, na sehemu kubwa ya bei yake imesimama juu ya dai hilo.

Kwenye bapa dogo la bloku, upande wa kulia mbele ya silinda hedi, kuna chapa mbili. Moja inaanza na tarakimu 6, ikifuatiwa na tarakimu sita za mwisho za namba ya chesisi. Nyingine inasomeka F0214HT, ambayo kwa ninavyoelewa ni kiwanda cha injini cha Flint, tarehe 14 Februari, injini ya L79. Nyuma ya bloku kuna tarehe ya kusubu, yaani ya kumimina chuma kwenye kalibu, B 9 6, yaani 9 Februari 1966, na kibati cha bodi kinaonyesha kuwa gari liliundwa siku chache baadaye. Mpangilio huo hauna kasoro: bloku ilisubiwa, injini ikaunganishwa, kisha gari likatoka.

Kinachonisumbua ni kwamba bapa lenyewe ni laini kabisa. Fundi wangu anasema linapaswa kuwa na mistari myembamba, na kwamba kukosekana kwake ni ushahidi wa namba kugongwa upya. Muuzaji anasema mistari ilifutika kwa msasa wakati wa kusafisha kutu. Nani kati yao yuko karibu na ukweli?

#2 Mzee wa Spana
Fundi wako yuko sahihi, na sababu yake ni ya kiwandani. Uso wa juu wa bloku, ule unaokalia silinda hedi, ulisawazishwa kwa mashine iitwayo brochi, ambayo ni safu ndefu ya meno ya chuma inayopita mara moja kutoka upande mmoja wa bloku hadi mwingine. Kwa kuwa bapa la namba ni mwendelezo wa uso huohuo, meno yale yaliacha mikwaruzo iliyonyooka inayofuata urefu wa injini hadi juu ya bapa, na chapa iligongwa baadaye juu ya mikwaruzo hiyo. Namba unaweza kuinunua ukiwa na seti ya patasi za tarakimu, lakini mistari ya brochi ni vigumu sana kuiigiza, na ndiyo maana mkaguzi mzoefu huitazama kabla hata hajaisoma namba. Kwangu mimi, bapa lisilo na mistari ni namba iliyogongwa upya.

#3 Binti Fundi
Namheshimu Mzee wa Spana, lakini #2 imeruka hatua moja. Injini ya miaka hiyo ambayo imetumika sawasawa huenda imefunguliwa zaidi ya mara moja, na mafundi wengi wa mashine husaga uso wa bloku ili gasketi ikae vizuri. Kwa kuwa bapa liko kwenye uso huohuo, linasagwa pamoja nao, na namba hupotea bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Kuna wamiliki waliozinakili namba zao kabla ya kupeleka bloku kusagwa na wakazigonga tena baadaye, kwa nia ya kuhifadhi kumbukumbu ya gari lao. Injini ya namna hiyo ni ya asili ingawa chapa yake si ya asili. Kutokuwepo kwa mistari kunathibitisha kwamba uso umeguswa, lakini hakusemi bloku ilitoka wapi.

#4 Tai wa Barabarani
Mbona mnajisumbua na mikwaruzo? Corvette ilikuwa na karatasi ya kiwandani iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta, yenye orodha ya kila kitu kilichoagizwa pamoja na gari. Lishushwe tangi, isomwe karatasi, mjadala uishe.

#5 Karani wa Nyaraka
Ndugu Tai, karatasi ya tangi ilianza na magari ya 1967, kwa hiyo kwenye gari la 1966 utashusha tangi na kukuta vumbi. Hata ingekuwepo, ingetaja aina ya injini iliyoagizwa, na gari lingeweza kutoka kiwandani na L79 moja na leo likawa na L79 nyingine.

Kwa mwaka huu unachopaswa kukitafuta ni Protect-O-Plate, kibati kidogo cha chuma kilichokaa ndani ya kijitabu cha dhamana cha Chevrolet kuanzia 1965. Kina namba ya gari na msimbo wa injini pamoja na tarehe yake, na kikipatikana pamoja na risiti za zamani za mmiliki wa kwanza, kina uzito. Nasisitiza risiti, kwa sababu kibati peke yake kinaweza kutengenezwa upya na vipo vingi vya namna hiyo sokoni.

Msifikirie pia kwamba kampuni itawaandikia barua ya kuthibitisha. NCRS, chama cha wapenzi wa Corvette kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, hutoa taarifa ya siku gari liliposafirishwa na muuzaji aliyelipokea, lakini taarifa hiyo haitaji namba ya injini. Wenye Jaguar na Porsche wana bahati kwamba viwanda vyao viliandika namba ya injini kwenye daftari na daftari likatunzwa. Kwa Corvette ya miaka ile, bloku yenyewe ndiyo daftari, na ndiyo maana bapa lenye ukubwa wa vidole viwili linaleta ugomvi wote huu.

#6 Bwana Kabureta
Asanteni. Kibati cha dhamana hakipo, na risiti za zamani kuliko zote alizonazo muuzaji ni za mmiliki wa tatu. Nimerudi kulitazama bapa kwa kurunzi iliyolazwa pembeni ili mwanga ukwaruze uso wa chuma. Sikuona mstari hata mmoja. Nilichokiona ni kwamba tarakimu za chapa zote mbili zinafanana kwa umbo na kwa kina, na kingo zake bado ni kali kwenye ncha ya kidole.

#7 Mzee wa Spana
Hapo umeongeza jambo zito zaidi ya mistari. Chapa zile mbili hazikugongwa mahali pamoja. Ile ya F0214HT iligongwa Flint injini ilipokamilika, wakati ile yenye tarakimu za gari iligongwa St. Louis, mahali gari lilipoundwa, na mtu mwingine mwenye patasi nyingine. Kwa kawaida utaona tofauti: moja imelala kidogo, nyingine imezama zaidi, tarakimu 1 au 4 zina maumbo mawili tofauti. Zikifanana kama zilivyo hizo zako, maana yake ziligongwa kwa seti moja ya patasi. Na kingo kali kwenye chuma kilichopitia miongo ya joto, oili na brashi za mafundi zinanipa wasiwasi.

#8 Binti Fundi
Hata hilo halivunji hoja ya #3, Mzee. Mmiliki mwaminifu aliyesaga bloku yake angezirudisha chapa zote mbili siku moja, kwa seti moja ya patasi, na zingefanana hivyohivyo. Ushahidi huohuo unabeba hadithi mbili.

#9 Mzee wa Spana
Unabeba hadithi mbili, lakini mwaminifu huyo angemwambia mnunuzi. Huyu muuzaji ametaja msasa.

#10 Chuma Kikuukuu
Kabla hatujaendelea, ningependa tukubaliane tunamaanisha nini tunaposema injini ya asili, kwa sababu mimi nimekutana na kesi iliyonichanganya. Nilikagua Jaguar E-Type ya lita 4.2 yenye cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, ambacho kinataja namba ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi kama zilivyoandikwa kiwandani. Kwa injini hizo za XK, namba hugongwa mahali pawili: kwenye bloku juu ya chujio la oili upande wa kulia, na mbele kwenye silinda hedi. Bloku ilisomeka sawasawa na cheti, ikianza na 7E na kuishia na 9 inayoonyesha uwiano wa mgandamizo wa tisa kwa moja. Silinda hedi ilianza na 7D, ambayo ni ya Mark X, lile gari lao kubwa la familia.

Hedi ya XK ni ya alumini na bloku ni ya chuma cha kusubu, na maji ya rejeta yasipobadilishwa kwa miaka mingi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo yupo mtu aliyeokoa gari kwa kutumia hedi iliyokuwa karibu. Muuzaji alisema injini ni ya asili kwa sababu bloku ni ileile. Mnunuzi alisema nusu ya injini imetoka kwenye gari jingine. Sikuweza kuwapatanisha, na sidhani kwamba mmoja wao alikuwa anadanganya.

#11 Datsun Milele
Poleni sana wenye magari ya kifahari. Sisi wenye Datsun 240Z tunafungua boneti, tunasoma kibati kinachotaja namba ya chesisi na ya injini pamoja, tunalinganisha na namba iliyogongwa pembeni mwa bloku, tunafunga boneti, tunakwenda zetu. Hakuna brochi wala karani.

#12 Mpima Mwanya
Ndugu yangu Datsun Milele, umesahau kutaja kwamba L24 yenu ya sentimita za ujazo 2393 na L28 iliyokuja baadaye zinafanana kwa nje kama mapacha, na kwamba L28 inaingia kwenye 240Z bila kukata chochote. Ndiyo maana 240Z nyingi zinakwenda kasi kuliko vibati vyao vinavyoruhusu. Nanyi mnapaswa kusoma namba za kalibu: kwa magari ya mwanzo silinda hedi inatakiwa isomeke E31, na ukikuta N42, hiyo ni familia ya L28.

Turudi kwa Bwana Kabureta. Kuna kipimo unachoweza kufanya bila kufungua injini. Mtu anayesaga bapa peke yake, hedi ikiwa bado imefungwa, hulishusha bapa chini ya uso wa bloku. Chukua vibamba vya kupimia mwanya na upime nafasi kati ya uso wa chini wa hedi na bloku pale hedi inapokutana na bapa, kisha upime palepale kwenye kingo nyingine za hedi. Mwanya unapaswa kuwa unene wa gasketi kila mahali. Ukikuta umeongezeka kwenye bapa tu, au ukaona kijingazi chembamba sambamba na ukingo wa hedi pale jiwe la kusagia liliposhindwa kuingia, basi bapa lilisagwa peke yake. Hapo hadithi ya kusagwa kwa bloku nzima inakufa, kwa kuwa hakuna fundi wa mashine anayesaga bapa la namba peke yake ili gasketi ikae vizuri.

#13 Silinda Sita
Naongezea kutoka upande wa Porsche, kwa kuwa watu wetu nao wanadhani daftari linamaliza kila kitu. Injini ya 911 haina bloku moja. Ina kasha la nusu mbili zilizochongwa pamoja kama jozi na kugongwa namba ya jozi ili zisitenganishwe. Namba ya injini yenyewe iko kwenye nguzo ya kasha karibu na feni. Kwa Carrera RS 2.7 ya 1973, ambayo yalitengenezwa magari 1,580, namba huanza na 663 na aina ya injini ni 911/83. Kasha la injini hizo ni la magnesi, na stadi, yaani boliti ndefu zinazoshikilia silinda, hung'oka nyuzi zake kwa joto, kwa hiyo makasha mengi yamekarabatiwa au kubadilishwa.

Nimeona kasha lenye namba sahihi upande mmoja, lakini namba za jozi za nusu mbili hazikukubaliana. Aliyeangalia karibu na feni tu alitoka ameridhika. Tangu siku hiyo naulizia jozi kwanza, kwa sababu wanaogonga namba hufanyia kazi mahali wanunuzi wanapotazama.

#14 Tai wa Barabarani
Kuna njia ya maabara ambayo haijatajwa. Patasi inapogonga chuma, haiachi shimo tu. Inakandamiza chuma kilicho chini ya shimo, na hata ukisaga namba ukaondoa alama yote inayoonekana, tabaka lililokandamizwa hubaki. Ukipaka tindikali maalumu, sehemu iliyokandamizwa huliwa kwa kasi tofauti na namba ya zamani inajitokeza kama kivuli. Polisi wanaitumia kwenye silaha na magari ya wizi. Bapa la Bwana Kabureta lipakwe tindikali na tuone kama kuna namba nyingine chini yake.

#15 Karani wa Nyaraka
Safari hii nakubaliana na ndugu Tai kwa nusu. Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwenye chuma cha pua na chuma cha kufuliwa, lakini bloku ya Chevrolet ni chuma cha kusubu, ambacho ndani yake kimejaa vipande vya grafiti, na hakikandamiziki kwa namna ileile, kwa hiyo matokeo mara nyingi huwa hafifu. Pia, fundi akishasaga kwa kina cha kutosha, tabaka lote limeondoka. Ukipata namba ya pili, umepata jibu. Usipopata kitu, umebaki ulipokuwa, na bapa lina madoa ya tindikali ambayo mnunuzi wa baadaye atayauliza. Na sidhani kwamba muuzaji yeyote atakuruhusu kumwaga tindikali kwenye gari ambalo bado ni lake.

Njia nafuu ni kuangalia majirani wa bloku. Kabureta ya Holley ina tarehe yake, distribyuta ina kibati chenye tarehe, giaboksi ya Muncie ina chapa ya herufi P na tarehe, na manifoldi ya kuingizia hewa ina tarehe ya kusubu. Anayebadilisha bloku mara nyingi hukusanya injini nzima kutoka sehemu mbalimbali, na tarehe hizo ndogo humsaliti.

#16 Mzee wa Spana
Au hutumia siku zake akikusanya vipuri vyenye tarehe zinazofaa, kwa kuwa naye anasoma maandishi haya tunayosoma sisi. Kuna watu wanaotafuta bloku zilizosubiwa Februari 1966 kwa sababu hiyo tu. Bloku yenye tarehe sahihi na bapa lililosagwa ni malighafi nzuri kuliko zote kwa kazi hiyo, na msisahau kwamba 327 ilifungwa pia kwenye magari ya kawaida ya Chevrolet.

#17 Chuma Kikuukuu
Je, haiwezekani kwamba injini ilibadilishwa chini ya dhamana gari likiwa jipya? Muuzaji wa Chevrolet angeweza kufunga bloku ya kiwandani yenye bapa tupu na kugonga namba ya gari juu yake.

#18 Binti Fundi
Ingewezekana, lakini bloku ya dhamana ingesubiwa baada ya gari kuharibika, na hii yetu ilisubiwa siku tano kabla ya tarehe ya kuunganishwa iliyo kwenye chapa. Kwa miaka iliyofuata injini za kubadilishia zilikuja na herufi CE. Kwa tarehe aliyoitaja mleta mada, hadithi ya dhamana ndiyo dhaifu kuliko zote.

#19 Datsun Milele
Swali la mtu wa kibati: injini ikiwa na tarehe sahihi, aina sahihi na nguvu sahihi, mwendeshaji atahisi tofauti gani akiwa barabarani?

#20 Silinda Sita
Hatahisi yoyote. Atahisi siku ya kuuza.

#21 Bwana Kabureta
Nimerudi na vipimo. Mwanya kati ya hedi na bloku ni uleule kwenye bapa na kwenye kingo nyingine, na hakuna kijingazi. Kuhusu majirani: kibati cha distribyuta ni cha Januari 1966, giaboksi ya Muncie ni ya Februari, kabureta imebadilishwa, na manifoldi ya alumini ina tarehe ya kusubu ya 1967. Muuzaji hataki hedi ifunguliwe.

#22 Mpima Mwanya
Basi bapa halikusagwa peke yake. Ama uso wote wa bloku ulisagwa hedi ikiwa imetolewa, ama haukuguswa kabisa na mistari ilififia, jambo ambalo msasa peke yake hauwezi kulifanya hadi isionekane hata kwa mwanga wa pembeni. Naegemea kusagwa kwa uso wote.

Hedi ikifunguliwa siku moja, pima kina cha pistoni ikiwa juu kabisa. Kutoka katikati ya krankishafti hadi uso wa bloku kiwanda kilikusudia inchi 9.025, na pistoni ya 327 hubaki chini ya uso kwa takriban inchi 0.025. Ukikuta pistoni iko karibu sawa na uso, bloku imesagwa. Tazama pia mikwaruzo chini ya gasketi: brochi huacha mistari iliyonyooka, wakati mashine ya kusagia ya karakana kwa kawaida huacha tao za duara.

#23 Binti Fundi
Manifoldi ya 1967 inanipa picha niliyoitarajia: injini ilifunguliwa, ikasagwa, kitu kilichopasuka kikabadilishwa kwa kilichopatikana, na namba zikarudishwa. Distribyuta na giaboksi za wakati wake zinaonyesha gari ambalo halikutawanywa.

#24 Mzee wa Spana
Mimi kwa manifoldi hiyohiyo naona injini iliyotoka kwenye gari jingine ikiwa kamili hadi juu, na distribyuta ya zamani ikahamishiwa kwake kwa kuwa inatoka kwa boliti moja. Giaboksi haisemi lolote kuhusu bloku. Bwana Kabureta, muulize muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba injini ni ya kiwandani kwa gari hili, uone atalishika vipi kalamu.

#25 Bwana Kabureta
Nilimuuliza jana. Yuko tayari kuandika kwamba namba zinalingana, lakini neno la kiwandani amelikataa. Nimempa bei ya gari lenye injini ya aina sahihi isiyothibitishwa, na nasubiri jibu lake.

#26 Karani wa Nyaraka
Akikubali bei hiyo, omba pia mawasiliano ya yule mmiliki wa tatu. Karakana zilizosaga bloku huandika risiti, na risiti moja yenye neno la kusaga uso itampa ushindi Binti Fundi.

#27 Mzee wa Spana
Iwe na tarehe, na iwe na namba ya bloku juu yake kabla ya kusagwa. Bila hivyo ni karatasi tu.